Senene wa Transfoma Yangu

Mtwara

Mama waitu,

Shikamoo. Mgongo umetulia? Na migomba iliyoangushwa na upepo, mmeshaitegemeza? Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, na aliyeichafua ni Deo mwanao.

Jirani yangu aliyetoka likizo Bukoba aliniletea kopo la senene kutoka kwa Deo. Nilifurahi jamani! Niliwapeleka kazini, nikawabembeleza hawa wa huku wasiozoea kula panzi waonje, nikajisifu kuwa nina mdogo wangu anayenikumbuka. Nusu kopo nililimaliza mwenyewe. Ndipo nikampigia kumshukuru, nikamuuliza safari hii umeme wa taa za kuwavutia aliupata wapi.

"Dada, si ile transfoma ya lile dude lako!"

Dude! Mama, ile niliyomwachia pale Kibeta ni kompyuta niliyoijenga kwa mikono yangu. Haina kioo wala programu: unazungusha vifundo, umeme unapanda na kushuka, sindano inakupa jibu la hesabu. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme, nilizipima moja moja kwa miaka miwili. Nimemwahidi mwalimu wa fizikia wa Sekondari ya Kahororo kwamba nikija likizo wanafunzi wake wataiona ikikokotoa jinsi gari linavyodunda kwenye mashimo. Sasa Deo kaunga taa za gari kwenye transfoma mpaka imeungua. Bati la mbele kaliegemeza kwenye pipa ili senene wateleze ndani. Kapasita, eti zilimjazia chumba, kazimwaga migombani. "Lilikuwa linakaa tu," ananiambia, huku anatafuna. Anatafuna sikioni mwangu, Mama! Ptuu!

Tafadhali, panda gari uende Kibeta mwenyewe, usimtume mtu. Okota kapasita zote, hata zenye matope, uzifungie kabatini kwako Muleba. Huyo asizisogelee tena.

Nisalimie Bibi wa Rubafu, na shangazi wa kwaya mwambie vitenge vyake nimevipata. Deo usimpe salamu, mpe ujumbe: afue shati. Nikifika tutaongozana hadi Kahororo, asimame mbele ya wale watoto awaambie kwa mdomo wake kwamba mashine yao ililiwa. Mimi nitasimama naye, maana nusu kopo nililila mimi, na walikuwa watamu.

Mwanao mwenye hasira,
Adventina