Jiwe la Kutilia Meno

Jumatatu, 3 Juni 1974

Ukungu tangu alfajiri. Darasa la Tano hawakuona ubao. Nimefundisha mawe, somo ninalolipenda kuliko yote: lipi hukwaruzwa na ukucha, lipi na msumari, lipi hukwaruza kioo. Mwalimu mkuu anasema kabati langu nimelijaza takataka. Na aseme.

Nimerudi nimelowa. Mama mkwe alikuwa uani, analitia meno jiwe lake la kusagia. Ngo, ngo, ngo. Jiwe la kusagia likishalainika halisagi tena, lazima ligongwegongwe lipate makali. Hugonga kwa jiwe lake lile la kahawia, baya kama kiazi kilichoungua. Mashine ya kijiji imeharibika tena.

Baba Neema bado yuko bondeni Umba anatafuta vito. Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke. Barua moja tu.

Jumatano, 5 Juni

Amerudi. Amekonda, ndevu tele, magoti yana makovu. Hakuuliza habari ya kahawa. Alifungua kitambaa, akaniwekea jiwe mezani. Kubwa kama punje ya harage. Jekundu. Nililiinua dirishani likawaka. Ni zuri, sikatai.

"Yakuti, Mama Neema," alisema. "Jembe basi tena."

Nilipaswa kufurahi. Nikalirudisha kitambaani.

Alhamisi, 6 Juni

Sasa nimeelewa. Anataka kuhamia kijiji cha huko chini, aandikwe huko, achimbe. Shamba ampe mdogo wake, Samweli. Anasema mtu haandikwi vijiji viwili, na shamba lisilo na mkono watagawiwa wengine, kwa hiyo bora libaki kwa ndugu. Mjomba wake anakuja Jumapili kulisikia neno.

Shamba lile! Mifereji nimechimba mimi nikiwa na mimba ya Neema. Kahawa nimepanda mimi, miche nimeibeba kichwani. Lakini ni shamba la ukoo wao. Mimi mtu wa Soni, nilikuja na sanduku moja.

Nimekasirika mpaka nimeunguza maharage. Tumeyala hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya jambo. Alipotoka kwenda kusalimia watu nililitoa jiwe lake kitambaani.

Ni zito kwa udogo wake. Nyuso nyingi, karibu liwe duara. Yakuti niliyoiona kwenye picha chuoni ilikuwa na pande sita, ndefu. Hili silo. Nikalipitisha kwenye kioo cha dirisha, likakwaruza. Hilo halinipi kitu, hata kokoto nyeupe za mtoni hukwaruza kioo. Nilihitaji kitu kigumu kuliko hizo. Shule nzima haina.

Ndipo nikasikia ngo, ngo, ngo.

Miaka thelathini jiwe lile linagonga jiwe na halijalika! Nimelitazama kila siku tangu niolewe, mimi mwalimu wa mawe, na sijaliona. Nikamwamkia mama mkwe, nikamwomba. Akanipa bila kuuliza. Alisema tu nisilipoteze, aliliokota huko huko bondeni akiwa mwali, walipokuwa wakishuka na ndizi kubadilishana kwa chumvi.

Nililikandamiza kwenye jiwe jekundu, mahali padogo, ubavuni. Nikapangusa unga kwa kidole chenye mate. Mstari ukabaki. Nikageuza: jekundu juu ya kahawia. Unga tu, ukapanguka. Hakuna alama.

Basi hilo baya ndilo la jamii ya yakuti, ingawa halina rangi wala nuru. Hilo zuri ni ganeti, jiwe jekundu la bei ndogo.

Nilicheka peke yangu jikoni. Kisha nikalia kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia. Nimemwonyesha mstari. Alilifunga jiwe lake haraka kana kwamba nimemvua nguo.

"Wewe mwalimu wa vitabu," alisema. "Sisi huko tunapima kwa nyundo. Yakuti haivunjiki."

Nikamjibu sawa. Kesho, mbele ya mjomba, tuyapige yote mawili. Lako likivunjika, shamba linabaki. La mama likivunjika, sisemi tena.

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Hakunilazimisha mtu. Nimeandika hapa nisije nikasahau. Nina uhakika. Jiwe linalokwaruza jingine litavunjikaje kabla yake?

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada. Mjomba, Samweli na balozi wetu wa nyumba kumi. Walikaa uani na dengelua yao, pombe ya miwa. Mimi nilipika chai, nikaimimina kwa mikono iliyotulia. Nilikuwa nimeshashinda.

Mama mkwe hakutaka kulitoa jiwe lake. Nilimbembeleza mimi. "Mama, hilo halivunjiki, utalirudisha jioni."

Jekundu lilitangulia. Waliliweka juu ya jiwe la mlangoni, Baba Neema akapiga. Liliruka hadi kwa kuku. Neema akaliokota. Zima.

Kisha la mama. Pigo moja. Likapasuka vipande viwili, uso wa mpasuko bapa, laini, kama mkate uliokatwa kwa kisu.

Samweli alicheka halafu akajizuia. Mjomba akanigeukia: "Mwalimu, umejionea mwenyewe." Kwa upole. Afadhali angenitukana.

Neno likasemwa, shamba sasa ni la Samweli, dengelua ikanywewa. Jioni Samweli aling'oa mimea ya masale ya mpaka kati ya mashamba yao mawili. Mama mkwe aliokota vipande vyake, akavifunga kwenye pindo la kanga. Hakunitazama.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefundisha hesabu. Vibaya. Jiwe la kusagia kimya siku nzima.

Jumanne, 11 Juni

Leo mchana nimefukua sanduku, nikatafuta daftari langu la chuo. Ukurasa wa mawe upo. Mwandiko ni wangu. Nimeandika, tena nimepigia mstari: jiwe linaweza kukwaruza mawe yote na bado likapasuka kwa nyundo. Kukwaruza ni jambo moja, kuhimili pigo ni jingine. Pembeni mkufunzi amenipa vema nyekundu.

Nililijua! Nililijua nikiwa na miaka kumi na tisa. Na miaka thelathini ya kugonga, kumbe jiwe la mama lilikuwa limeshajaa nyufa ndani. Ningekaa kimya siku moja, nikafikiri siku moja. Lakini nilitaka ashindwe mbele ya watu. Hilo ndilo nililotaka, kuliko shamba. Hasira, hasara.

Nilitaka kumwambia papo hapo, lakini nimechelewa. Ameondoka na basi la alfajiri kwenda Tanga kulionyesha jiwe. Nikaenda kwa Samweli na daftari mkononi, kama mwendawazimu. Alikuwa tayari anapogoa kahawa yangu. Anapogoa vizuri, na hilo pia liliniudhi.

"Shemeji," alisema, "neno limeshasemwa. Nikalirudishe kwa nani?"

Alhamisi, 13 Juni

Situlii. Naanza kufua, naacha. Naanza kusahihisha, naacha. Kila honi nakwenda ukingoni kutazama barabara. Ukungu ukifunguka naona bonde lote huko chini, tambarare, rangi ya ngozi ya mbuzi. Nalichukia.

Leo kanisani, kwenye maombi ya wanawake, niliomba niwe nimekosea. Iwe yakuti. Tuhamie huko, nipigwe na jua, nionekane mkosaji maisha yangu yote. Ila nimeuona mstari kwa macho yangu. Mungu habadilishi ganeti.

Jumatatu, 17 Juni

Hajarudi. Mama mkwe ameanza kujibu shikamoo yangu. Marahaba, basi. Nimemletea mawe matatu kutoka mtoni, magumu kuliko yote niliyoweza kupata. Alijaribu moja baada ya jingine. Yote yalimomonyoka mkononi kabla hajafika nusu ya jiwe la kusagia. Hakunilaumu. Alikung'uta unga kwenye kanga, akaingia ndani.

Jumamosi, 22 Juni

Amerudi. Basi liliharibika njiani, amepanda mlima kwa miguu tangu saa nne. Nilimpa maji ya kuoga. Nilimpa chakula. Alikula chote, kichwa chini.

"Ganeti," alisema alipomaliza.

Mtu wa vito mjini hakukaa hata kwenye kiti. Alilitazama juani, akalikwaruza, akamwonyesha mkebe uliojaa mengine kama hilo. Lake lilikuwa na madoadoa. Amerudi nalo. Akanisukumia mezani. "Liweke kabatini kwako, watoto wasome."

Nilikuwa na maneno ya siku kumi na tatu kinywani. Sikusema nilikwambia. Nilimwambia habari ya daftari, na kwamba nyundo niliitaka mimi.

"Tulikuwa wawili," alisema.

Kisha akauliza kama kahawa imepogolewa.

Jumatatu, 24 Juni

Asubuhi angavu, ukungu umebaki chini. Niliamshwa na ngo, ngo. Mama mkwe amekitafutia mshiko kipande kikubwa cha jiwe lake. Sauti yake ni nyembamba kuliko zamani, lakini kinagonga.

Nimeliweka ganeti kabatini na karatasi yake: Hukwaruza kioo. Hukwaruzwa na jiwe la mama.

Nilipokuwa nikienda shule Baba Neema alikuwa mbele yangu, na jembe begani. Hakuniambia anakwenda wapi. Aliteremka njia yake ya siku zote, ile ya shambani. Alipofika pale palipokuwa na masale akasimama. Udongo bado ulikuwa na mashimo. Angeweza kuyaruka kwa hatua moja, ameyaruka tangu utoto.

Alivua kofia. Akashusha jembe chini.

"Hodi," alisema.

Samweli alikuwa katikati ya kahawa. Aliinuka polepole, akamwona kaka yake, akasita. Nami nikasimama juu njiani na madaftari yangu kifuani, mpaka nikamsikia Samweli akisema, "Karibu."