Picha ya Kicheko

Jumatatu, 4 Machi
Tumeanza kupima darasa la kwanza. Daktari anataka kujua ni watoto wangapi hapa shuleni walidhurika kwa pombe wakiwa bado tumboni. Mwalimu mkuu kanuna: eti shule yake haina watoto wa namna hiyo! Haya. Mimi muuguzi, kazi yangu kichwa, macho na picha ya uso. Mtoto afunge mdomo, asicheke. Kesho zamu ya Kicheko, binti wa kaka yangu. Roho juu juu.

Jumanne, 5 Machi
Kicheko kaingia meno yote nje. Funga mdomo, mwanangu. Wapi! Mama yake, wifi yangu, kamwambia acheke sana, aonekane mzima. Foleni ndefu, nikapiga hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Mtu akicheka, mdomo wa juu hukonda na kile kijifereji cha chini ya pua hupotea — ndizo dalili zenyewe tunazotafuta! Wifi kajichongea mwenyewe. Daktari kaagiza picha irudiwe. Leo Kicheko kanuna vizuri tu. Mdomo wa juu bado mwembamba kama uzi. Kijifereji nusu kipo, nusu hakipo. Nilitaka kulia.

Sura peke yake haitoshi, kasema daktari. Mama aulizwe kama alikunywa. Asiposema, mtoto hapati mwalimu wa msaada, anabaki kuitwa mvivu. Leo anajua herufi, kesho zimeyeyuka — na kaka anamchapa!

Jioni wifi kanivamia jikoni kwangu. Kaka hajui kitu, akijua atamrudisha kwao. Nimfichie.

"Na huyo anayechapwa bure, nani wa kumfichia?" nikamjibu.

Akalia. Kumbe alikunywa kabla hajajua ana mimba, na baadaye pia kidogo, na hakuna aliyemwambia neno. Nina hasira naye. Namwonea huruma pia, jamani.

Ijumaa, 8 Machi
Naandika hapa hapa koridoni. Wifi yuko ndani na dada anayehoji akina mama. Mimi ndugu, nimetolewa. Swali nimelisikia. Halafu sauti ya wifi: "Naomba ufunge mlango kwanza."

Umefungwa.

Mungu wangu — kaka! Yuko kule getini, anamuuliza mlinzi kitu. Nani kamwambia? Mlinzi ananyoosha kidole huku. Anakuja, na hatua zake si za heri. Nimeegemeza mgongo mlangoni. Hapiti mtu hapa mpaka wifi amalize kusema.