Bibi Hatupi Kitu, Mama Hapati pa Kupita

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ingawa kabla sijasema lolote nikutoe wasiwasi kwamba hakuna aliyeumia na bibi yangu bado yuko nyumbani, maana mpaka jana asubuhi sikuwa na hakika kama ningeweza kuandika hivyo.

Mimi ni msichana wa sekondari, nasoma kuliko ninavyosema, ila siku tuliyofundishwa shuleni kupunguza taka za nyumbani nilirudi na moto, nikawahutubia wote mezani kwamba kutumia kitu mara moja na kukitupa ni aibu, baba ambaye ni seremala akaendelea kula, mama akasema sawa mwalimu, lakini bibi, mama yake baba, ninayelala naye chumba kimoja, aliweka kijiko chini akasema kumbe nyumba hii ina mtu mwenye akili. Tangu hapo hakuna kinachotoka. Makopo ya maziwa, chupa za mafuta, vikombe vya mtindi, hata mifuko ambayo anaifua na kuianika pamoja na sare yangu mpaka jirani akauliza kama tunafungua duka, vyote vinaoshwa vikatakata na kupangwa chini ya kitanda, kisha juu ya kabati, kisha ukumbini, na ukimuuliza cha nini jibu ni moja, kitafaa.

Jumamosi mama, ambaye ni muuguzi na alikuwa ametoka zamu, alimpelekea bibi maji ya moto ya kukanda magoti, akajikwaa kwenye chupa, mnara wa makopo ukaporomoka na maji yakamwagika pembeni kabisa mwa miguu ya bibi. Mama akasema, "Mama, chagua. Makopo haya au mimi." Bibi alianza kukunja nguo zake na kuzitia begini, akanituma nimwambie baba amtafutie gari la kwenda kwa baba mdogo.

Kuanzia hapo wanaongea kupitia kwangu, mwambie mama yako chumvi imezidi, mwambie bibi yako chumvi ni ileile, na jiko ni moja na wote wanasikia, na mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono ndiye spika wao, na usiku nawaza nitamsomea nani vitabu vyangu bibi akiondoka. Jana nilipokuwa nikimsomea safu yako gazetini, kama tulivyozoea, akanikatiza, "Mjukuu wangu, hebu mwandikie huyu. Hanijui mimi wala hamjui mama yako. Akisema nitupe, nitatupa." Mama akajibu kutoka jikoni bila kumtuma mtu, "Na akisema vibaki, nitajifunza kuruka." Baba alicheka mpaka akapaliwa, bibi naye akaziba mdomo, na mimi nikashusha pumzi niliyoibana tangu Jumamosi.

Lakini begi bado limefungwa, mshauri. Nani ana haki, na nifanye nini bibi asiende?

Mimi,
Spika wa Nyumba

*

Spika wa Nyumba,

Nilisoma barua yako nimeshika roho mkononi mpaka nilipofika penye kicheko, nami nikapumua pamoja nawe. Watu wanaotaniana kutoka jikoni hawajashindwana.

Sasa kaa nikukaripie kidogo. Wewe ulifundishwa kupunguza, ukaenda kuhubiri kutotupa. Kopo lililo chini ya kitanda bado ni taka, limehama tu. Mlifunga mlango wa kutokea mkaacha wazi wa kuingilia, nyumba isijae kwa nini? Ukitumwa dukani unakwenda na mikono mitupu na kurudi na mfuko mpya, au nakusingizia?

Bibi, najua unasomewa, shikamoo. Huo uchungu wako wa kutupa ni mali, ila umeuweka mahali pabaya. Chombo chenye kazi leo kibaki: vyenye vifuniko viende jikoni vitiwe unga na sukari, vingine mpe mwanao seremala aweke misumari. Kinachosubiri kufaa siku isiyojulikana kiondoke wiki hii, apewe anayekusanya plastiki na vyuma chakavu. Wala usikae bure baada ya hapo. Kikapu cha sokoni kiwe chako na mjukuu wako awe mbebaji. Mafuta mpimiwe kwenye chupa yenu, maziwa kwenye kopo lenu, na mifuko uliyoifua irudi sokoni ikabebe nyanya. Anayeona uchungu kutupa ndiye anayefaa kununua, kwa sababu atauliza ganda litakwenda wapi kabla ya kulipia kilichomo. Njia ya kupita chumbani iwe tupu kila siku, na hilo halina mjadala, magoti yako hayataki mnara mwingine.

Mama mtu, uliogopa, na hofu ndiyo iliyosema. Sikulaumu. Ila umesema makopo au wewe, na mkweo amesikia kwamba anayetupwa ni yeye. Neno kama hilo halirekebishwi na mtoto, kwa hiyo kuanzia leo binti yako namfuta kazi ya uspika. Ingia chumbani mwenyewe, usiguse kopo hata moja kwanza, umwambie, "Mama, usiende." Ukishalisema hilo, usafi wa chumba ni kazi ya asubuhi moja. Usipolisema, hata mkikifagia kikang'aa, atakayetoka humo ni yeye.