Zamu ya Kunibeba

Jumanne, 6 Mei
Sare sita leo, zote za darasa la kwanza. Vifungo vimeisha. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, nimeshona kwa taa ya sola mchana kweupe.

Kile kivimbe bado kipo. Titi la kushoto, upande wa kwapa. Hakiumi. Nilidhani kitaondoka chenyewe. Sijamwambia mtu, hata mama. Mama akijua leo, kesho watajua hadi watu wa Mgwashi.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 15 Mei
Mkutano wa kijiji ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kikundi chetu cha watu wenye ulemavu kimepewa nafasi ya kusema, na katibu ni mimi. Ombi ni moja tu: njia ya mteremko pale zahanati, kiti mwendo kiweze kupanda. Zahanati imejengwa upande wa juu wa njia, ngazi kumi na tatu za mawe, hazina hata pa kushika. Mzee Hemedi haoni, huzipanda kwa magoti. Mimi miguu yangu ilipooza nikiwa na miaka minne. Sizipandi kabisa.

Nimeandika kurasa mbili. Sheria nimeitaja pia. Kivimbe sikukitaja, hilo ni langu. Mteremko ukijengwa nitaingia kwa nesi peke yangu, nitasema ninachotaka kusema, nitatoka.

Jumamosi, 24 Mei
Nimeshindwa, tena kwa makofi.

Nilisoma ombi hadi mwisho. Akasimama Shekiondo, fundi mawe, ndiye kiongozi wa wanaume wanaobeba wagonjwa kwa machela kuteremka hadi kwenye magari. Akasema kwa Kishambaa, karibu analia, kwamba ni aibu ya kijiji kizima mlemavu kuomba simenti wakati wenye mabega wapo. Ni lini hapa mgonjwa aliachwa chini? Watatubeba wenyewe. Akataja majina papo hapo, wanne wanne, kila kundi na siku yake. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtendaji wa kijiji alifurahi kuliko wote, maana hana tena simenti ya kutafuta.

Wangenitukana ningejua la kujibu. Nikashukuru. Mtendaji akaniomba nimwandikie muhtasari, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Akatamka, nikaandika: suala la zahanati limepatiwa ufumbuzi. Nina hasira na mkono wangu.

Jumatano, 11 Juni
Nimekwenda zahanati. Zamu ya Shekiondo na wenzake. Walifika saa mbili kamili, wameoga, wamevaa mashati ya kanisani. Siwezi kuwachukia. Niliwaambia kiti changu kinafika hadi chini ya ngazi, wanisaidie pale tu. Wakasema hapana, zamu ni zamu. Wakanilaza kwenye machela kama maiti. Njia nzima watu wananipa pole, na mimi natazama mawingu.

Chumba cha nesi hakina mlango, kina pazia. Wanne wale wakasimama nyuma ya pazia, tayari kunirudisha. Nilisikia mmoja anakohoa. Nesi ni binti mgeni, kwao Zirai. Akauliza nasumbuliwa na nini. Nikasema kichwa.

Nimerudi na vidonge vya kichwa. Mjinga mkubwa mimi.

Ijumaa, 27 Juni
Kimekua. Nakisikia hata nikizungusha cherehani.

Barua imekuja kutoka wilayani. Niliwaandikia mwenyewe baada ya siku ile ya machela, kuomba tena mteremko. Wanajibu kwamba kwa mujibu wa muhtasari wa kijiji, suala limepatiwa ufumbuzi. Wameambatisha nakala. Mwandiko mzuri kweli.

Nimecheka peke yangu hadi mama akaja kuuliza kuna nini.

Jumanne, 8 Julai
Siku ya gulio. Nilingoja hadi watu wa mwisho wateremke na kabichi zao. Kijiji kitupu. Nikajisukuma hadi zahanati, kiti nikakiacha njiani. Ngazi nimezipanda kwa makalio, kinyumenyume, mikono inavuta, miguu inafuata. Baridi ya Julai, mawe yana utelezi. Ngazi ya saba nilipumzika. Kuku akaja kunitazama. Nilikuwa na hasira hadi nikasahau aibu.

Nesi alinikuta kizingitini. Hakupiga kelele. Alinisaidia kuingia, akanipima. Akauliza tangu lini. Tangu Machi. Akauliza nilikuwa wapi siku zote hizo. Nikamwambia hapo chini.

Ameniandikia rufaa ya hospitali ya wilaya, Lushoto, Jumatatu. Amesema tusichelewe tena. Nimeshuka vilevile nilivyopanda. Viganja vimechubuka, sare za kesho sijazigusa.

Alhamisi, 10 Julai
Shekiondo amepita mlangoni, hakunitazama. Mtu alikiona kiti changu kitupu chini ya ngazi, habari ikaenea. Wanasema nimewadharau. Mama kaulizwa kisimani wametukosea nini.

Alirudi na ndoo, akanitazama tu. Ikabidi nimwambie. Alikaa chini hapo hapo jikoni. Hakulia. Baadaye akaendelea kumenya viazi, akamenya vingi mno kwa watu wawili.

Ubaya ni kwamba nawahitaji. Kutoka hapa hadi kwenye magari ni mwendo wa saa mbili, njia ya miguu, ya machela tu.

Jumapili, 13 Julai
Baada ya ibada nilimtuma mama kwa Shekiondo. Alikuja. Shikamoo yangu aliiitikia chini chini, akakaa kwenye benchi. Nikamwomba watu wanne wa kesho. Akasema watakuwepo. Hakuuliza naumwa nini. Nikamwambia mwenyewe, mahali kilipo na tangu lini, bila kuzungukazunguka.

Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Siku ile ungetuambia tutoke nje, mwanangu, tungetoka."

Alisema kwa upole. Ameondoka muda mrefu na bado nimekaa na neno hilo. Huenda kweli wangetoka. Sikuwaomba. Kilichonifunga mdomo siku ile sijui namna ya kumweleza mtu ambaye hajawahi kubebwa.

Nimefunga mfuko. Kanga mbili, sabuni, barua ya rufaa. Watakuja saa kumi na mbili asubuhi.