Vifaranga vya Kuku Nyeupe

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimefagia boma, nimechota maji, nimemaliza na habari ya watu wote hapa Sori. Kuku inatotoa kesho. Ni ya kizungu, nyeupe, niliitoa Homa Bay. Jogoo pia nyeupe, aina ingine, ya Migori. Hizo mbili nimefungia tangu Krismasi na kufuli. Jogoo ya jirani hata kivuli yake haijaingia. Nataka boma nyeupe tupu. Wanawake waseme mpaka wachoke.

Jumanne, 5
Kumi na moja. Nilingoja vifaranga ya manjano, vile kuku nyeupe huzaa. Sita ni nyeusi, ingine zina mistari ya kahawia. Manjano hakuna hata moja. Nikacheka. Halafu kicheko ikakatika yenyewe. Nimekumbuka Akinyi.

Akinyi alikuwa bibi ya shemeji yangu Odhiambo, ndugu ya bwanangu. Wote wawili weusi kama sufuria ya kuni. Wakazaa mtoto mwekundu, ngozi ya maji ya kunde. Nani alisema sokoni weusi wawili hawazai mwekundu? Mimi. Nilisema vizuri mpaka watu wakashika mbavu. Odhiambo akamrudisha kwao Muhuru, mtoto mgongoni. Miaka tatu sasa.

Alhamisi, 7
Bwana mifugo amepita na pikipiki. Nikamwambia lazima jogoo ingine iliingia. Akaangalia kufuli, akazunguka waya yote.

"Mama, hakuna kitu iliingia. Hizi nyeupe mbili si aina moja. Kila moja imeficha rangi ndani. Zikikutana, inatoka."

Nikauliza, na watu je? Akasema hata watu huficha, mtoto anaweza kufanana na nyanya yake. Akaenda zake akicheka.

Vifaranga zinalia chini ya kikapu. Zinalia kama mtoto mmoja.

Jumapili, 10
Nimelala kidogo baada ya kanisa. Mama ya bwanangu akakuja, yule alikufa. Mtoto ya Akinyi alipewa jina yake, Awuor. Kwetu marehemu hukuja kwa ndoto kutafuta jina yake iko wapi. Alikaa tu kwa kiti, ananitazama.

Mama huyo alikuwa mwekundu. Mwekundu kabisa. Nilisahau namna gani?

Sikusahau. Habari ilikuwa tamu.

Jumanne, 12
Nimefika Muhuru. Akinyi alikuwa anaanika omena, zile dagaa za ziwa. Hakunipa kiti. Mtoto ana uso ya yule mama, mpaka paji. Alinitazama vile yule mama alinitazama kwa ndoto. Nikasema yote, nikalia.

Akinyi bado ananiita nyieka, vile wake wa boma moja huitana.

"Nyieka, uliambia soko nzima. Sasa unaniambia mimi peke yangu?"

Ijumaa, 15
Nimesema sokoni. Nimesimama katikati ya mafungu ya omena nikasema ni mimi nilidanganya, na nilijua. Yule mama wa mboga akaniuliza leo nimekunywa nini. Hakuna mtu alishika mbavu. Wengine waligeuka wakapanga nyanya zao.

Nikaenda kwa Odhiambo mwenyewe. Alikuwa anashona nyavu. Hakunitukana. Alikaza fundo moja, halafu akauliza mtoto amekua amefika wapi. Nikamwonyesha na mkono, hapa kwa kiuno.

Akaangalia mkono yangu. Nikaiacha hapo hapo, naogopa kuishusha.