Benchi la Nje kwa Daktari

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za mdogo wako wa huku ugenini. Chumba nilichopata kina dirisha kubwa, na jirani amenipa paka.

Dada, nikufiche nini? Tangu nihamishiwe kiwanda hiki, nikikaa kwenye cherehani moyo hunienda mbio na mikono hutetemeka. Nilidhani nimerithi wazimu wa shangazi. Jana nikapiga moyo konde, nikaenda zahanati.

"Huo si wazimu," daktari akaniambia. "Maisha yakibadilika ghafla, wengi hutikisika hivi. Ni jambo la kawaida, na hutibika."

Sikumwamini. Wengi gani hao?

Nilipotoka, nikamkuta msimamizi wetu, yule mkali tunayemwita Pilipili, amejikunyata kwenye benchi. Nikataka kupita kimyakimya, lakini akanidaka mkono.

"Tangu mume wangu aondoke silali, silii, natetemeka tu," akanong'ona. "Naogopa kuingia peke yangu."

Jina lake lilipoitwa, tukaingia sote wawili.

Bado naogopa, dada. Mama usimwambie, ila wewe njoo.

Mdogo wako akupendaye