Mikono ya Mama Imepoteza Lugha

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba
Nimemwogesha mama, nimemlisha uji. Siku ya tisa tangu kiharusi kimwangushe sokoni, hapa Kasongo. Mkono wa kuume umekufa. Wa kushoto mzima: anashika kikombe, anafunga kitambaa kichwani. Lakini akitaka kusema, vidole vinakwenda ovyo. Mama ni kiziwi tangu kuzaliwa. Ishara ndiyo lugha yake pekee, na ndiyo lugha yangu ya kwanza. Sielewi hata neno moja.

Jumanne, tarehe 7
Dada yake, mama mkubwa Zaina, amefika kutoka Kabambare kwa pikipiki, matope hadi magotini. Anasema ni mkono tu, tuukande kwa mafuta ya mawese. Nikamwambia wa kushoto hauna ugonjwa. Hakusikiliza. Tumekanda yote miwili. Bure.

Alhamisi, tarehe 9
Hospitali. Daktari akamwomba aige kupiga mswaki, kuchana nywele. Akaiga vizuri. Kisha nikamwuliza kwa ishara jina lake. Akatengeneza kitu kisicho ishara. Akarudia. Akalia.

Daktari alisema, "Lugha iko upande wa kushoto wa ubongo. Ya mudomo ao ya mikono, ni palepale. Kule ndiko damu ilizibwa."

Nikauliza kama itarudi.

"Pengine kidogo. Usiache kuongea naye."

Mwenye kusikia akipatwa hivi, watu husema amepoteza maneno. Kwa mama wanasema ameingiwa na wazimu.

Ijumaa, tarehe 10
Nimefanya vibaya. Nilimshika vidole nikavikunja kwa nguvu viwe ishara ya jina langu, ile aliyonipa mwenyewe nilipozaliwa. Akanipiga kofi. Hilo nimelielewa. Nani mwingine ananijua kwa jina hilo? Hakuna.

Jumatatu, tarehe 13
Hakuna kitu. Nimechoka. Naogopa.

Jumapili, tarehe 19
Mvua tangu asubuhi. Mama mkubwa ameniomba nimfundishe ishara. Miaka yote alikuwa anamwonyesha dada yake vitu kwa kidole tu. Alisema, "Nilifikiri iko muchezo wa mikono."

Tukaketi mkekani, sisi watatu. Maji. Moto. Mvua. Kwenye ishara ya mvua mama mkubwa alikosea, viganja vikatazama juu. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akavigeuza chini, akavishusha polepole. Kisha akaifanya mwenyewe, mara moja. Sawasawa.

Hakusema neno lingine kutwa nzima. Mama mkubwa bado anairudia dirishani.